Flopi yenye kuvu usiitie kwenye mashine: majibu kwa wasomaji

Kutoka Likoni: *Marehemu baba aliacha flopi kama arubaini za mashairi yake. Zimekaa kabatini miaka na baadhi zina madoa meupe ndani. Nimenunua draivu ya flopi ya USB. Nianze wapi?*

Mungu amrehemu mzee. Anza kwa kutoitia hata moja. Madoa hayo ni kuvu, na unyevu wa pwani huilea vizuri. Ndani ya flopi, ile diski ya zamani ya kuhifadhia kazi za kompyuta, mna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Draivu hulizungusha mara 300 kwa dakika huku vichwa viwili vya kusomea vikiligusa, kimoja juu na kimoja chini. Kuvu ikinasa kwenye vichwa, hukwaruza duara hilo, kisha inahamia flopi inayofuata hata kama yenyewe ilikuwa safi. Namna hiyo mtu hupoteza boksi zima kwa jioni moja.

Sogeza kile kibati cha kuteleza, zungusha kitovu cha chuma kwa kidole, ukague pande zote mbili mwangani. Tenga safi na chafu, kisha zisome safi kwanza. Kabla ya kuitia flopi, fungua kijitundu chenye kitelezi pembeni, mwanga upite. Kikiwa wazi, mashine haiwezi kuandika juu yake. Wengi hudhani ni kinyume.

Usifungue faili mojamoja kutoka kwenye flopi. Nakili flopi nzima kwa mkupuo. Kwenye Linux, sakinisha gddrescue (programu ya kunakili diski zilizoharibika), tazama jina la draivu kwa amri ya lsblk, halafu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb flopi01.img flopi01.map

Badili sdb iwe jina uliloliona kwako. Chunga hapo, usije ukataja diski nyingine. Flopi ya kawaida ya MB 1.44 hutoa faili la baiti 1,474,560. Yenye tundu moja tu badala ya mawili ni ya KB 720, na baadhi ya draivu za USB haziisomi kabisa. Hapo tafuta kompyuta kongwe yenye draivu ya ndani. Mashairi yakiwa ya Word ya zamani au WordPerfect, LibreOffice huyafungua.

Zile chafu zataka subira. Pasua ganda kwa kisu chembamba, toa duara ukilishika kitovuni, lioshe kwa maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri ya gari, si asidi yake!) na tone la sabuni ya vyombo. Futa polepole kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, suuza, anika kivulini. Kisha livishe ganda la flopi nyingine usiyoihitaji. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie: ina asetoni, na unga wa sumaku utatoka nayo. Ikishapita flopi iliyooshwa, panguza vichwa vya draivu kwa pamba ya kijiti na spiriti ya isopropili.

Kutoka Kisauni: *Nina mawaidha niliyopakua saiba mwaka 2001. Mengine ni .rm, mengine .ram. Simu haifungui yoyote.*

Tazama ukubwa kwanza. Faili la .ram mara nyingi halina sauti hata kidogo, ni maandishi ya mstari mmoja tu. Lifungue kwa Notepad: ukiona linaanza na rtsp:// au pnm://, ulihifadhi anwani ya mawaidha, na mawaidha yenyewe yalibaki huko kwenye seva. Pole sana.

Ya .rm na .ra ndiyo yenye sauti. Yalikuwa ya RealPlayer, lakini VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video, kwenye kompyuta huyacheza bila kuhitaji kitu kingine. Kuyapeleka kwenye simu, yageuze kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii: ffmpeg -i mawaidha.rm mawaidha.mp3. Sauti ikitoka nyembamba kama ya ndani ya mtungi, ndivyo ilivyorekodiwa. Ilibanwa ipite kwenye laini ya simu. Usilifute lile la .rm, kwa sababu kila ugeuzaji hupunguza ubora kidogo.

Kutoka Mtwapa: *Skuli yetu ilikuwa na ukurasa GeoCities. Waweza kupatikana?*

Yahoo waliifunga GeoCities, huduma yao ya kurasa za bure, tarehe 26 Oktoba 2009. Nenda web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani, uandike anwani kamili ya zamani. Kurasa za mwanzo zilipangwa kwa mitaa, mathalan geocities.com/Athens/ na namba nne. Za baadaye zilikuwa na jina la mwenyewe. Jaribu zote mbili, na uchague tarehe kabla ya kufungwa. Picha zikikosekana usikate tamaa: kila picha ilihifadhiwa peke yake na kwa siku yake, basi bofya tarehe nyingine.

Kutoka Majengo: *CD ya masomo ya watoto ina faili za .swf.*

Hiyo ni Flash, teknolojia ya katuni na michezo ya kompyuta, iliyokoma mwisho wa 2020. Tumia Ruffle, programu ya bure inayocheza faili hizo. Usipakue "Flash Player" kutoka tovuti usiyoijua, maana hapo ndipo virusi hujificha.

Kutoka Changamwe: *Modemu ya simu ilipiga kelele za nini? Na kwa nini 56 haikufikiwa?*

Modemu ni kifaa kilichounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, na kelele hizo zilikuwa modemu mbili zikipimana. Mlio mrefu wa kujibu, wa hetsi 2,100, huzima vizuia mwangwi vya laini. Mivumo inayofuata hupima laini inabeba masafa gani. Ile 56, yaani kilobiti 56 kwa sekunde, ilitaka upande wa mtoa huduma uwe wa dijitali hadi kwenye kituo cha simu, na dijitali igeuzwe kuwa sauti mara moja tu njiani. Ikigeuzwa mara mbili, mwisho ni kilobiti 33.6 kwa sekunde, na wimbo wa MB 4 huchukua karibu dakika 16. Viungo vya waya vilivyoliwa na chumvi vilishusha zaidi.

Aliyetaka kimya aliiandikia modemu amri ya ATM0, ya kuzima spika. Ila spika ilikuwa na kazi: bila hiyo, ukikosea namba na kumpigia mtu nyumbani kwake, usingemsikia akisema "halo, halo".