Mamba Muntu na Maneno Kumi na Mawili: Barua kwa Binti Yangu

Lubumbashi, mtaa wa Kenya (yetu hii ya soko, siyo hiyo Kenya yako)

Mama,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na pia kwa sababu nikiandika "mwanangu" unaanza kutafuta karipio liko mstari wa ngapi.

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza, na mchoro nimeutazama. Umeuliza mambo mawili. La kwanza: je, mtu anayechora kwa mkono, kwa namna ya nyumbani, ya "asili" kama ulivyoiita, anaweza kuingiza mapenzi yake ya bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ndani ya tablo, yaani picha ya rangi ya kutundika ukutani, bila kuiharibu? La pili umelisema mbiombio mwishoni, kama mtu anayepitisha mzigo mpakani: kuna mnunuzi Telegram anataka kununua picha yako kwa ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, iandikishwe kuwa NFT, yaani hati ya mtandaoni ya umiliki wa picha, ila wewe utangulize ada.

Nianze na la pili kwa kuwa halina maneno mengi. Usilipe. Tangu lini mteja anamtoza fundi? Nimeona wateja wa kila aina hapa: anayekopa, anayepunguza bei mpaka unamhurumia, anayeondoka na picha akiahidi mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi gani. Wa kuniambia nimlipe kwanza ndipo aninunulie, huyo bado sijamwona. Najua mtandao wa Ethereum una ada yake halali, ile mnayoiita gesi: sehemu yake inafutwa, sehemu inakwenda kwa wanaohakiki miamala. Lakini huyo wako amekupa tovuti yake mwenyewe, amekutajia bei ya kukutoa macho, na ada anataka ipitie kwake. Ukilipa utaona namba kubwa kwenye kioo cha simu. Ukitaka kuitoa utaambiwa kuna kodi, na ukilipa kodi litazuka jingine. Mfungie mlango. Na yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ya sarafu za mtandaoni, usimpe hata moja.

Sasa turudi kwenye mchoro.

Umechora nakshi pembeni, safi kabisa, na katikati umeweka ile B ya dhahabu yenye mistari miwili, miale inatoka pande zote kama jua la asubuhi. Mkono wako umekomaa, hilo nalisema bila upendeleo. Lakini hili ni tangazo. Ondoa B, weka chupa ya bia, na picha inabaki ile ile. Tablo haikubali kubadilishwa tumbo hivyo.

Usidhani nakataa fedha ndani ya picha. Ndiyo iliyotulisha. Miaka ya 1970 na 1980 ukiingia sebule nyingi za mji huu ulimkuta Mamba Muntu ukutani: mwanamke mzuri, nywele ndefu, mkia wa samaki, nyoka amemzunguka, saa mkononi na hereni masikioni. Nimemchora mpaka naweza kumwanzia mkiani nikiwa nazungumza na mtu mwingine. Hadithi yake unaijua. Ukiokota kitana chake au unywele wake, usiku anakujia ndotoni kukidai. Mkielewana, anakutajirisha, ila kwa sharti la siri, na kuna wanaosema anadai mtu wa nyumbani mwako. Waliomtundika hawakuwa wanamwabudu. Walikuwa wanasema mambo mawili kwa pumzi moja: utajiri nautamani, na bei yake naijua. Ndiyo maana mgeni akiketi chini ya picha ile, mazungumzo hayakauki. Huyu anamtaja bosi fulani aliyetajirika ghafla, yule anamtaja mjomba aliyefiwa.

Mteja mmoja alinitaka nimwondolee Mamba Muntu saa nimpe simu. Nilimpa simu. Nikakataa kumwondoa nyoka, ingawa mke wa mteja alimwogopa. Bila nyoka ni mrembo wa kalenda tu.

Sasa fikiri juu ya sarafu yako kwa jicho hilo. Wewe mwenyewe ulinieleza: mwenye yale maneno 12 ndiye mwenye mali. Ukiyapoteza, hakuna dirisha la benki la kwenda kulilia. Ukiyasema, mali inahama usiku huohuo na hakuna polisi wa kuirudisha. Utajiri kwa sharti la siri! Umeshika Mamba Muntu mkononi halafu unanichorea herufi. Mchore amekaa kwenye jiwe lake na karatasi yenye mistari 12, maneno hayasomeki, na mtu aliye ukingoni mwa maji ananyoosha mkono. Mtazamaji wa hapa atajua unachosema kabla hajasikia habari ya bitcoin maishani mwake.

Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kwamba vitu hivi viwili, fedha na sanaa, vinaoana, wala havikuanza kuoana jana. Unakumbuka misalaba ya shaba kwenye makumbusho yetu ya mjini? Ilikuwa fedha. Shaba iliyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, ikatoka msalaba, ukanunulia vitu nao. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, waakiolojia walikuta misalaba midogo ya aina hiyo imezikwa pamoja na wafu. Katanga yetu ilipojitenga na Kongo mwaka 1960 iliweka mitatu kwenye bendera. Kitu kimoja kilikuwa fedha, umbo la kupendeza na alama ya nchi, na hakuna aliyeuliza kama vinaharibiana.

Na hilo neno "asili" ulilolitumia, lipunguze kidogo. Albert Lubaki alikuwa akichora kuta za nyumba kule Bukama, mpaka miaka ya 1920 Mbelgiji Georges Thiry akampa karatasi na rangi za maji; kazi zake zikafika Brussels. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés akafungua karakana yake hapa, ile iliyoitwa Le Hangar, ndimo walimotoka kina Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake. Baadaye Tshibumba Kanda Matulu akachora historia nzima ya nchi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akiandika maneno juu ya picha ili mtu asipotoshwe. Ukuta, karatasi, mfuko wa unga. Kioo cha simu hakinitishi.

Hilo la maneno juu ya picha nalipenda zaidi. Umewahi kuniambia kwamba aliyeanzisha bitcoin, anayejiita Satoshi Nakamoto, kwenye bloku la kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari la sarafu hiyo, la tarehe 3 Januari 2009 aliweka kichwa cha habari cha gazeti la The Times, kuhusu serikali ya Uingereza kutaka kuokoa benki kwa mara ya pili. Huyo alifanya kama wachoraji wetu: ameandika kwenye kazi yake tarehe na sababu ya hasira. Kwa nini usichore hiyo? Mtu hana uso, mgongo tu, anaandika, na nyuma yake benki inashikiliwa na miti isianguke.

Na sababu ya wewe kuipenda naielewa kuliko unavyodhani. Sisi tumeona fedha ikifa. Mwaka 1967 zaire moja, fedha yetu ya zamani, ilikuwa sawa na dola mbili. Siku ya Noeli 1979 ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena, na muda wa kubadilisha ulikuwa siku chache. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikageuzwa kuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga moja. Mtu aliyekulia katika hesabu hizo, ukimwambia kuna sarafu ambayo jumla yake haitazidi milioni 21 na hakuna rais wa kuiongeza, lazima masikio yasimame. Yangu yalisimama.

Ila nimefuatilia na upande wa pili. Novemba 2021 bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Desemba 2024 ikavuka 100,000. Anayeuza picha ya dola 100 na kodi ya chumba inamngoja hawezi kupanda ngazi hiyo pamoja nayo. Kwa hiyo bei yako iandike kwa dola, kama tunavyofanya hapa hata tunapolipwa falanga. Mteja akitaka kukulipa kwa bitcoin au USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, pokea, kisha siku hiyohiyo toa ya rangi, ya chumba na ya chakula iingie kwenye M-Pesa. Kinachobaki ndicho cha kuweka, na hicho usiniambie ni kiasi gani.

Kuhusu NFT yenyewe, sina chuki nayo, nina maswali ya mtu anayeuza kitu cha kushika. Mara nyingi kinachoandikwa kule ni kiungo cha kuelekea kwenye picha, siyo picha. Haki ya kuinakili inabaki kwako mpaka uandike vingine, kwa hiyo soma unachokubali. Lile gawio mlilokuwa mnalisifia, mchoraji kupata fungu kila picha inapouzwa tena, soko lao kubwa la OpenSea lililegeza sharti lake mwaka 2023, usilipigie hesabu. Na ile NFT ya Beeple, msanii wa kompyuta, iliyouzwa na nyumba ya mnada ya Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69 mwezi Machi 2021, iache huko huko. Haina la kutufundisha wewe na mimi.

Lenye mafunzo liko kwetu, Lusanga, mkoa wa Kwilu. Mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende waliasi utawala wa Wabelgiji, wakamuua ofisa wa Kibelgiji aliyeitwa Maximilien Balot, na mchongaji akachonga sanamu yake. Sanamu hiyo iko kwenye jumba la makumbusho Virginia, Marekani. Wasanii wa mashamba ya mawese, wanaojiita CATPC, waliomba iazimwe ije nyumbani. Walipoona haiji, mwaka 2022 wakatengeneza NFT kutokana na picha za sanamu hiyo, ili mauzo yanunue ardhi ya mashamba ya zamani. Makumbusho yakanung'unika. Mwaka 2024 sanamu ikaazimwa kweli, ikakaa Lusanga kwa muda. Hapo NFT haikuwa pambo. Ilikuwa ndiyo swali lenyewe: kitu kikiwa mbali nasi, ni cha nani? Unaona tofauti na ile B yako yenye miale?

Kama Mamba Muntu unamwona mzee kwako, kuna Luviro. Ndani ya Hifadhi ya Virunga, pembeni ya msitu, kuliwekwa makontena yaliyojaa kompyuta zilizoanza mwaka 2020 kuchimba bitcoin, yaani kupata sarafu mpya kwa kazi ya kompyuta, kwa umeme wa maji, na kipato kikasaidia hifadhi wakati watalii hawakuja kwa sababu ya vita. Mto, msitu, walinzi wenye bunduki, na makontena yanayovuma. Mimi wa Katanga nimezaliwa kati ya watu wanaochimba. Sijawahi kuona mgodi usio na shimo. Ningekuwa na macho yangu ya zamani ningeichora mwenyewe. Chora na waya unaotoka mtoni, usiufiche, maana ndiyo habari yote.

Kitambaa tumia cha mfuko wa unga kama unakipata huko. Kioshe mpaka maandishi ya kiwanda yafifie, ila yasiishe kabisa. Kikaze kwenye mbao, paka rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, acha ikauke vizuri kabla ya kuanza. Ukitaka kuiandikisha kwenye mtandao wako, ipige picha ikiwa imekauka, mchana, nje, bila mwanga wa simu, na ionyeshe pindo za kitambaa. Halafu picha ya mkono usiiuze chini ya bei ya ile ya kioo. Watakuzoea vibaya.

Mama yako anauliza kama Desemba utakuja. Ukija, niletee rangi ya bluu nzito, makopo madogo yanatosha. Hii ya hapa inapauka upesi, na Mamba Muntu wa mwisho niliyemuuza maji yake yamekuwa kijivu, mteja ameshaanza kunipigia simu.

Baba yako