Injini Kuukuu na Pumzi Yake: Maneno kwa Fundi Mgeni wa Malori

Miaka mingi iliyopita, lori aina ya Fuso lililokuwa likibeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba lilirudi gereji kwetu Nyakato, Mwanza, mara tatu kwa kosa moja, na kosa hilo lilikuwa langu. Oili ilikuwa ikivuja kwenye sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokeza, hadi inaloanisha klachi. Mara ya kwanza nilishusha giaboksi, nikafungua klachi na flaiwili, nikaweka sili mpya, na lori likaondoka. Baada ya wiki mbili likarudi. Nikalaumu sili, nikanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, nikarudia kazi yote. Liliporudi mara ya tatu, mzee aliyenifundisha kazi hakuitazama sili hata kidogo. Aliufungua mpira wa briza, yaani bomba la kupumulia la injini, unaotoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, akachomeka waya ndani yake, waya ukagoma katikati. Akaniambia, “Mwanangu, injini umeiziba pua, sasa unashangaa inatokwa jasho.”

Mpira huo niliufunga mimi mwenyewe miezi michache kabla ya hapo. Ulikuwa mpira wa rejeta, ambao umetengenezwa kwa ajili ya maji. Ukikutana na oili ya moto, ngozi yake ya ndani huvimba, hulainika na hatimaye hujifunga, ilhali kwa nje unaonekana mzima kabisa. Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi hii, iwe mmetoka chuo cha ufundi cha VETA au mmeanzia kwa kushika spana gerejini, jambo ninalotaka mlishike ni kwamba briza hupimwa kabla ya kuguswa, na hupimwa kabla ya kubadilisha sili yoyote.

Hakuna injini ambayo ringi za pistoni zake huzuia gesi yote. Wakati wa mkandamizo na wa mlipuko, sehemu ndogo ya gesi hupenya kati ya pistoni na ukuta wa silinda, ikashuka kwenye chumba cha kranki ikiwa imebeba masizi na mvuke wa maji, na humo ikachanganyika na ukungu wa oili. Gesi hiyo lazima ipate njia ya kutokea. Isipoipata, presha hupanda chumbani, na oili huanza kusukumwa popote penye udhaifu: kwenye sili za kranki, kwenye gasketi ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini, hata kwenye tundu la dipstiki. Turbo nayo huathirika, kwa kuwa oili yake hurudi sampu kwa uzito wake tu. Presha ya chumbani ikipanda, oili hiyo hucheleweshwa, hujaa ndani ya turbo, kisha huvuja upande wa hewa au wa eksozi. Nimeona turbo nzima ikitupwa kwa sababu hiyo.

Upimaji wake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 2 hivi, ukunje kwa umbo la herufi U juu ya ubao, utie maji nusu, kisha unganisha ncha moja kwenye tundu la dipstiki bila kuacha upenyo. Ncha ya pili ibaki wazi. Injini ikiwa imepata moto, soma tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili, kwanza ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa, na baadaye ikiwa kwenye resi. Tofauti ya sentimita 10 ni takribani sehemu moja kati ya mia ya bari, presha ambayo geji ya tairi haiwezi hata kuionyesha, lakini sili iliyochoka huihisi. Kiwango kinachokubalika hutofautiana kwa kila injini na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Msichukue kiwango cha Scania mkakipachika kwenye Isuzu. Kumbukeni pia kwamba lori lililosimama gerejini halionyeshi ukweli wote, maana gesi inayopita ringi huongezeka sana injini inapobeba mzigo. Lori linaloonekana tulivu hapa Nyakato linaweza kumwaga oili likipanda mlima wa Sekenke na tani zake.

Baada ya kusoma, fungua mpira wa briza na usome tena. Maji yakishuka sana, ujue njia ya hewa ndiyo iliyobana. Yasiposhuka, au moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, tatizo liko chini zaidi, kwenye ringi au silinda, na hakuna briza itakayoliponya. Ila kabla ya kumtangazia mwenye lori habari ya kufungua injini, tazama kompresa ya upepo wa breki. Ringi zake zikiisha, nayo hupuliza hewa ndani ya injini. Iache ijaze mitungi huku ukiangalia maji. Ikiwa kimo kinashuka mara tu mitungi inapojaa na kompresa inapoacha kusukuma, umempata mhalifu kwa gharama ndogo.

Kazi ya kuboresha huanza na usafi, na mara nyingi huishia hapo. Ndani ya tapeti kava au ndani ya kikombe cha briza kuna wavu na bati la kuzuia oili inayorushwa na roka. Wavu huo ukijaa utelezi mweusi, gesi hubanwa. Bati likiwa limeondolewa na fundi aliyetangulia, oili nzima nzima hutoka na gesi, na watu husema injini inakula oili. Uoshe wavu kwa dizeli safi, uukaushe, na uurudishe kama ulivyokuwa. Hakikisha pia oili haijazidi alama ya juu ya dipstiki, kwa maana kranki inayopiga oili huitengeneza kuwa ukungu. Malori yanayofanya safari fupi za mjini, kwa mfano kati ya Kirumba na Nyakato, hayapati moto wa kutosha kukausha mvuke, na hewa yetu ya kando ya ziwa si kavu. Ukikuta utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, chunguza kwanza safari na briza kabla ya kuihukumu gasketi ya silinda hedi.

Mpira mpya uwe wa kuhimili oili na joto, na upana wake wa ndani usipungue ule wa asili hata kama mwembamba ndio uliopo dukani. Usiwe na mbonyeo katikati ambamo maji na oili vitatuama. Ikiwa bomba linatoa hewa nje, ncha yake ishuke chini ya injini, ikatwe mshazari na kuelekea nyuma ya gari, ili upepo wa mwendo usaidie kuvuta. Iwe mbali na eksozi na breki. Lori lililokaa muda mrefu, lichunguze ncha hiyo kwa kidole: manyigu hupenda sana kujenga humo, na nyumba yao ya udongo huziba vizuri kuliko kizibo cha duka.

Wengine watataka kuacha kumwaga ukungu barabarani na kuurudisha kwenye njia ya hewa ya injini. Ni nia njema. Hata Marekani injini za dizeli zenye turbo za magari makubwa ziliruhusiwa kupumua nje hadi kanuni za mwaka 2007. Lakini msiige mpangilio wa gari la petroli. Petroli ina mvuto kwenye manifoldi kwa sababu ya kilango cha hewa. Dizeli kuukuu haina, na yenye turbo ina presha hapo. Sehemu ya kuunganisha ni kati ya eya klina na turbo, na lazima kuwe na kitenganishi cha oili katikati. Kitenganishi kikae juu ya usawa wa oili, na bomba lake la kurudishia oili liishie chini ya uso wa oili ya sampu au liwe na vali ya kuzuia kurudi nyuma, la sivyo presha ya chumbani itaipandisha oili badala ya kuiacha ishuke. Kopo tupu lililochomelewa hukamata matone makubwa tu; ukungu mwembamba huhitaji kichujio, nacho hubadilishwa kabla hakijaziba.

Hapo kuna hatari mbili ambazo lazima zisemwe. Eya klina ikijaa vumbi, kama inavyotokea haraka kwenye barabara za udongo za vijijini, turbo huvuta kwa nguvu zaidi na mvuto huo hufika hadi kwenye chumba cha kranki, ukanyonya oili huku na kuingiza vumbi kupitia sili kule. Ndiyo maana mifumo mizuri ina vali ya kudhibiti mvuto. Hatari ya pili ni kubwa zaidi: injini ya dizeli ikipata oili ya kutosha kwenye hewa yake, huigeuza mafuta na kukimbia yenyewe, na kuzima switi hakusaidii. Nimeishuhudia mara moja. Tuliikata hewa kwa kipande cha ubao kwenye mdomo wa njia ya hewa. Kamwe usitumie mkono wala kitambaa. Injini iliyochoka ringi, basi, iachwe ipumue nje mpaka itakapotengenezwa.

Uchafu unaokusanywa kwenye kitenganishi chenye koki ya kumwagia una maji na tindikali ndani yake. Usiurudishe kwenye injini, na usiumwage mtaroni, kwa kuwa mitaro mingi ya mjini huishia Mto Mirongo na Mirongo huishia ziwani. Sisi huuweka kwenye pipa la oili chakavu, tukiandika kiasi chake kwenye daftari la lori kila sevisi, pembeni ya kimo cha maji tulichosoma siku hiyo.