Jibu: Deki ya CD inaruka na sauti imefifia, ninunue mpya?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema deki yako ya zamani inaruka, sauti imefifia, na fundi kakwambia ununue nyengine. Usitoe pesa bado.

Kwanza tia CD ya kiwandani, halafu ya kuchoma. Ikiruka hiyo ya kuchoma peke yake, deki haina tatizo kubwa. Nyingi za zamani huzisoma kwa tabu, maana hazirudishi mwanga sawa na za kiwandani.

Zikiruka zote, tazama lenzi, kile kijicho kinachosoma CD. Hapa kwetu Unguja chumvi ya bahari na unyevu wa masika haviachi kitu. Yangu nilipoifungua nilikuta utando wa kijivu, kama miwani iliyopuliziwa pumzi. Chomoa waya wa umeme, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti safi, kikamue, kisha pangusa taratibu. Usikandamize hata kidogo, lenzi imening'inia kwenye nyuzi nyembamba mno. Ikiendelea kuruka basi huenda ni leza au mota, na ipi kati ya hizo siwezi kukwambia bila ya kuiona.

Kuhusu sauti, chomeka simu kwenye AUX ya amplifaya, lile tundu la kuingizia sauti kutoka chombo chengine. Ikififia vile vile, kosa liko kwenye amplifaya au spika, deki mpya haitokusaidia. Simu ikisikika vizuri zaidi, angalia kama deki ina tundu la dijitali nyuma. Hapo kiboksi cha DAC, kinachogeuza dijitali kuwa sauti badala ya deki yenyewe, kinatosha. Lakini DAC haitibu kuruka, kwa hivyo maliza la lenzi kwanza.