Muulize Bibi Shamba: Namba ya mbolea haiazimwi

Hapa Uyole, Mbeya, mvua za kwanza bado zinasuasua, lakini barua zimeshanyesha. Nimechukua tatu. Ya kijana wa Kilolo imenikera, kwa hiyo ndiyo nitakayoikalia zaidi.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina eka mbili za mahindi na kipande cha maharage, Kilolo, mkoani Iringa. Msimu uliopita nilijiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku na namba ikaja kwenye simu. Nilipofika kwa wakala mjini nikaambiwa imekwisha, nirudi Jumatano. Nimekwenda mara tatu, nauli imenimaliza. Mwishowe nikanunua ya kupimiwa kwa kilo kwenye mfuko uliofunguliwa. Sasa kuna mfanyabiashara anataka nimwachie namba yangu, anipe 20,000 mkononi, mbolea achukue yeye. Naona heri hiyo 20,000 kuliko kusumbuka. Na nikuulize: hii serikali inatusaidia kweli sisi wadogo, au ni maneno ya Nane Nane?*

Marahaba mwanangu, kamwene. Usimpe.

Kalamu iko wapi, tupige hesabu. Mimi nina risiti ya msimu wa kwanza wa ruzuku hii, 2022/23, ule uliozinduliwa hapa kwetu kwenye viwanja vya John Mwakangale tarehe 8 Agosti. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile ya kupandia, au Urea, ile ya kukuzia, bila ruzuku ulikuwa umepanda hadi zaidi ya 120,000. Kwa namba nililipa 70,000. Tofauti ni 50,000 na ushei kwa kila mfuko. Kwa eka zako mbili unahitaji walau mifuko miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia. Mara nne hiyo, ni 200,000. Huyo bwana anachukua laki mbili zako anakurudishia elfu ishirini, na wewe unataka kumwambia asante. Bei za msimu huu kazitazame dukani mwenyewe, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Tena mchezo huu si mgeni kwangu. Nilianza kazi ya ugani mwaka 1979, binti mwenye cheti kibichi cha chuo cha kilimo cha Uyole na baiskeli ya Phoenix, wakati ofisi nyingi bado zina maneno ya Azimio la Iringa la 1972 ukutani: Siasa ni Kilimo. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikuwa linanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, uwe Sumbawanga au jirani na Dar es Salaam. Bei ile ilitufaa sana watu wa Nyanda za Juu Kusini, maana umbali wetu haukuhesabiwa, na mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Malipo yalichelewa, sikatai. Nimesimama na wakulima wangu mbele ya ghala wakidai fedha za msimu uliokwisha. Kisha yakaja mageuzi, ruzuku ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa imekwisha. Nilikuwa na wanawake waliorudi kwenye samadi na viganja vyao. Mwaka 2003/04 ruzuku ikarudi kama ya kusafirisha mbolea, na 2008/09 zikaja vocha.

Vocha sasa. Kaya ilipewa za eka moja: mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, mkulima anajazia karibu nusu ya bei. Siku moja nilimkuta mama mmoja anatoka dukani mikono mitupu. Nikamuuliza, mama, mbolea iko wapi? Akafungua fundo la khanga, akanionyesha noti. Alikuwa amesaini vocha zote, wakala akampa pesa kidogo, mfuko ukabaki kaunta. Hakuwa na ile nusu ya kujazia na mtoto alidaiwa sare. Sikuwa na la kumwambia. Ila mwezi wa pili nilipita shambani kwake, mahindi yamekuwa ya njano kuanzia majani ya chini, yamenifika kiunoni wakati ya jirani yanachanua. Hiyo namba iliyokuja kwenye simu yako ndiyo vocha ya leo. Na ukiitoa, mfumo unaandika kwamba wewe wa Kilolo umechukua mifuko minne. Kesho utalalamika kwa nani kwamba hukupata?

Shida yako hasa ni nauli na kuambiwa "imekwisha", na hapo wewe na majirani mna la kufanya. Namba hutumika wakati wowote dirisha likiwa wazi. Si lazima usubiri Novemba wakati wilaya nzima iko kwenye foleni. Ukishauza mahindi au maharage, toa fedha ya mbolea kwanza, kabla ya bati na kabla ya harusi ya binamu. Jikusanyeni watu wanane au kumi, mmoja apige simu kwa wakala aulize mzigo umefika lini na uko kiasi gani, mkodi kirikuu kimoja, mwende siku moja kila mtu na namba yake. Kabla ya hapo pitia kwa mtendaji wa kijiji uhakikishe taarifa zako ziko sawa na eka zilizoandikwa ni mbili kweli. Nimeona watu walioandikiwa nusu eka wakabaki wanashangaa dukani.

Ile ya kupimiwa kwa kilo acha. Nunua mfuko ulioshonwa kiwandani, wenye lebo, na risiti juu. Na mwite afisa ugani wako. Aprili 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki 7,000 pamoja na vifaa vya kupima udongo. Muulize kwa adabu kifaa cha halmashauri yenu kiko wapi. Huenda shamba lako lina tindikali na linataka chokaa, na hapo DAP unayoihangaikia utakuwa unaizika tu.

Umeuliza kama serikali inasaidia. Inasaidia, lakini inakufikisha nusu ya njia. Bajeti ya wizara ya kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, na 2024/25 ilivuka trilioni 1.2. Si maneno matupu hayo. Msimu ule wa kwanza zilitengwa bilioni 150 kwa mbolea peke yake. Ila ruzuku inakuwahi Novemba wakati wa kupanda. Julai, dalali anapokuja na debe lake lililobinuliwa kitako, uko peke yako. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua, na mizani yao inasoma kilo, lakini mtu wa eka mbili kufika Makambako na magunia yake kumi ni safari ya hasara. Pelekeni kwa pamoja, yakiwa yamekauka na kupepetwa. Kipimo cha unyevu hakina undugu. Ambayo huuzi weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ukamue hewa yote ufunge kila tabaka, maana dumuzi, huyo mnayemwita Skania, haogopi gunia.

*Bibi Shamba, natoa viazi Rungwe napeleka Mbeya mjini, magunia manane kwa wakati mmoja. Kwenye geti nadaiwa ushuru. Mwenzangu anasema hatudaiwi. Nani mkweli?*

Mwenzio, dada, kama magunia yako ni magunia. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800. Unapita.

Lakini nawajua wa Rungwe. Ukijaza lumbesa, ukashona kile kilemba cha nyavu juu, gunia linafika kilo 130. Mara nane ni 1,040. Umeshavuka tani, na msamaha umeupoteza kwa kilo 40 ambazo hata mnunuzi hakulipi, maana yeye analipa kwa gunia. Sheria ya vipimo inasema mwisho ni kilo 100. Pima, na ukitozwa huku uko chini ya tani, usigombane. Omba risiti ya mashine yenye jina na kiasi, halafu nenda nayo halmashauri.

*Shikamoo. Sisi ni akina mama kumi na wawili, Mbeya Vijijini, tunalima maharage. Tumesikia mikopo ya halmashauri imerudi. Pia sekondari ya bweni iliyo jirani inanunua maharage mjini, na ni haya haya yetu. Tufanyeje?*

Marahaba, wanangu. Hili la maharage nimelicheka kwa uchungu. Maharage yanapanda Fuso kijijini Ijumaa, yanalala sokoni mjini, yanarudi Jumatatu na bei nyingine mgongoni, yanashushwa mita mia tatu kutoka yalikovunwa. Dereva anawasalimia kabisa.

Mikopo imerudi, kweli. Ilisimamishwa 2023, ikaanza tena mwaka wa fedha 2024/25. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Mwanzieni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na kazi inayoonekana, si kikundi kilichozaliwa wiki ile mkopo ulipotangazwa. Kuweni na daftari la vikao. Na msiombe fedha za kugawana; ombeni za kununua na kuhifadhi maharage ya wanachama wakati wa mavuno.

Kuhusu shule, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kinaweza kuingia, ila lango ni NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na mfumo huo hausikii "mama fulani tunamfahamu". Mtafuteni binti mmoja wa kikundi, au mtoto wa mmoja wenu mwenye simu nzuri na subira, akae na afisa maendeleo mpaka usajili ukamilike. Jiandaeni kulipwa kwa kuchelewa. Hapo ndipo vikundi vingi hufa, kwa hiyo msiweke gunia la mwisho shuleni mkabaki bila ada.

Kabla ya ofisi ya mkuu wa shule, piteni jikoni. Beba kilo mbili za Uyole Njano za mwaka huu, mwombe mpishi azichemshe pembeni ya yale ya mjini, kwenye majiko mawili, kuni zilingane. Mimi niliwahi kufanya hivyo. Yetu yalikuwa yameshaiva, yale mengine bado yanaruka kama kokoto sufuriani, na mpishi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita mkuu wa shule.