Marathoni, ukurasa na siagi ya karanga: nianze na kipi?

SWALI: Ninaishi komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Ninakimbia kilomita 8 mara tatu kwa wiki, na mwishoni mwa Julai nataka kukimbia marathoni nzima. Ninatengeneza siagi ya karanga: kopo la gramu 500 linanigharimu franka 3,800, ninaliuza 5,000, na mwenye pikipiki ninamlipa mimi 2,000 alifikishe kwa mteja. Facebook nina wafuasi 900. Naambiwa niweke video kila siku ili watu waongezeke. Nitaweza yote matatu? Tuko mwisho wa Januari.

JIBU: Dada, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo penye hatari. Kopo linakuachia 1,200. Ukimpa mwenye pikipiki 2,000 kwa kopo moja, umeongeza 800 kutoka mfukoni, na bado hatujahesabu mega za intaneti wala makato ya M-Pesa au Airtel Money. Ukurasa ukikua leo, kila mteja mpya atakuzidishia hasara. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya video yoyote, chagua: mteja ajilipie usafiri, au oda zote zikusanywe na zitoke Ijumaa kwa safari moja, kuanzia makopo matatu kwa kila nyumba. Bei ya karanga hupanda na kushuka, basi kila ukinunua gunia jipya, piga hesabu upya.

Marathoni ni kilomita 42.195, na wewe sasa unakimbia 24 kwa wiki. Ukianza Februari una wiki 25 hivi, zinatosha. Ongeza takriban asilimia 10 kwa wiki, si zaidi: 24, 26, 28, kisha wiki ya nne urudi 22 upumzishe mifupa, ya tano uanze tena na 28. Hivyo hivyo mpaka ufike 55 hadi 57 kwa wiki, ukikimbia siku nne. Mbio ndefu iwe Jumamosi. Iongeze kilomita moja au mbili, isipokuwa wiki za kupumzika, mpaka 30, nayo hiyo ya 30 uikimbie wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo unapunguza tu. Mwendo ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kwa dakika 7 kila kilomita, 30 ni saa tatu na nusu. Basi toka saa kumi na moja alfajiri, na maji uwe nayo. Umechagua vizuri Julai: mbio zako ndefu zitaangukia kiangazi chenye baridi. Anayelenga Oktoba hupambana na joto kali la kabla ya mvua.

Sasa video ya kila siku. Nakusihi uiache. Najua inakoishia: siku ya kupumzika inageuka siku ya kukimbia kwa sababu ukurasa unadai kitu, na baada ya wiki chache muundi unaanza kuuma. Mwili hujengeka siku za mapumziko. Video mbili kwa wiki zinatosha, moja ya mbio, moja ya karanga.

Ya mbio, rekodi vipande vitatu vya sekunde 20: kabla ya kuondoka, katikati ukiwa umesimama kunywa maji, na mwisho. Usishike simu ukikimbia, mkono mmoja ukikaza mwili mzima unapinda. Dakika hiyo moja kwa ubora wa 1080p hula megabaiti 120 hadi 130; ukiweka 720p inapungua sana, na kwenye simu mtazamaji hataona tofauti kubwa. Hariri Jumapili jioni, na simu uwe umeichaji mapema, usingoje umeme wa SNEL. Usionyeshe lango la nyumbani, wala usitangaze njia yako ukiwa bado barabarani. Mwanamke anayekimbia alfajiri hampi mtu ratiba yake.

Jambo jingine: tangaza kilomita ulizomaliza, lengo kubwa libaki kwako na watu wa nyumbani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu ambaye nia yake imeshatambuliwa na wengine huelekea kuifanyia kazi kidogo zaidi. Sifa zinamfanya ajione amekwisha fika.

Video ya karanga ndiyo itakayouza, na nzuri kuliko zote ni ya kuchambua. Sogeza simu karibu na ungo. Onyesha punje iliyosinyaa, yenye doa la kijivu au kijani, ukiitoa na kuitupa. Ukungu huo unaweza kubeba sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuimalizi. Mama anayemlisha mtoto ataelewa kwa nini kopo lako lina bei yake. Onyesha pia mashine ikisafishwa unga wa mahindi kabla ya kusaga, na makopo yaliyokauka kabisa.

Wafuasi 900 si wateja 900. Hesabu namba za simu. Fungua WhatsApp Business, uweke picha na bei kwenye katalogi, na kwenye lebo ya kila kopo uandike namba yako na maneno “Ihifadhi, kisha nitumie jina lako”. Sababu ni hii: ujumbe mmoja unaotuma kwa watu wengi kupitia orodha ya matangazo (broadcast list) huwafikia tu waliohifadhi namba yako, na orodha moja huchukua watu 256. Wengi hulalamika kwamba wateja hawajibu, kumbe ujumbe haukufika. Tuma mara moja kwa wiki, Jumatano, na oda zifungwe Alhamisi mchana. Jioni hiyo unasaga, Ijumaa pikipiki inazunguka, na usiku wa Ijumaa unalala mapema.

Pesa za YouTube usiziingize kwenye mpango: kwa mapato ya matangazo wanataka wafuasi 1,000 huko, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi (Shorts) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na nchi yako iwe kwenye orodha yao.

Kuanzia Mei, mbio zikipita saa mbili, njaa na usingizi vitazidi. Hapo ukilemewa, punguza video kwanza, kisha oda. Mbio ndefu ya Jumamosi na usiku wa kuitangulia usiviguse. Muundi ukiuma sehemu moja ukiubonyeza, au ukiuma hata umekaa, simamisha mbio na umwone daktari kabla ya kuongeza kilomita yoyote.