Daudi hasimami, amesimama

Msomaji ameniuliza: "Naandika maelezo ya picha za sanamu kwa ajili ya wanafunzi wangu. Niseme Daudi wa Michelangelo anasimama kwa pozi au amepiga pozi? Na ile kontraposto tuiiteje?"

Pozi halina shida, tumelitoa kwa Waingereza na wao walilitoa kwa Wafaransa, mtaani watu wanapiga pozi kila siku mbele ya simu, sasa kwa nini Daudi asipige? Kontraposto andika hivyo hivyo halafu eleza: kusimama kwa kuegemea mguu mmoja. Usiite mguu pande, maana kwenye gwaride mguu pande uzito unabaki miguu yote miwili.

Kilichonipandisha mori ni hilo "anasimama". Jamani! Hii -na- inaharibu maelezo ya picha kila mahali na waliosoma ndo wanaongoza. Anayesimama ni yule aliyekuwa amekaa au amelala akaanza kunyanyuka, akishanyanyuka amesimama, basi. Sasa Daudi kachongwa kati ya 1501 na 1504, jiwe la marumaru la zaidi ya mita 5, tangu hapo yupo Florence hajakaa hata dakika, we unaniambia anasimama, anatokea kwenye kiti gani? Mwangalie vizuri: amesimama, uzito ameutupia mguu wa kulia, wa kushoto ameulegeza, nyonga ya kulia imepanda na bega la kulia limeshuka, kichwa amekigeuzia kushoto, kombeo amelitupia begani. Zote hizo ni -me-! Hata ile sanamu ya Kigiriki inayoitwa kijana wa Kritios, kule Athens, wa kama 480 KK, mmoja wa wa kwanza kabisa kuchongwa hivyo, naye amesimama.

Shuleni tulikaririshwa kwamba -me- ni ya jambo lililokwisha, tukaishia hapo, kumbe kwa vitenzi kama simama, kaa, inama, chuchumaa, piga magoti, -me- inasema hali aliyonayo mtu sasa hivi. Ukiniambia Mona Lisa anakaa nitakuuliza anakaa wapi, na jibu ni Paris, kwenye makumbusho ya Louvre. Kwenye picha amekaa.

Mrusha kisahani, sanamu ya Myron, mchongaji wa Ugiriki ya kale, nitakuachia kidogo, ameinama, kiwiliwili amekipinda, mkono ameupeleka nyuma, lakini kisahani bado anacho, kwa hiyo ukisema anataka kurusha sina ugomvi na wewe.

Na kwa waliolala kuwa makini zaidi. Venus, yule mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, kwenye mchoro wa Giorgione ulioko Dresden, Ujerumani, amefumba macho, huyo amelala kweli. Ila yule aliyechorwa na Titian, Venus wa Urbino wa 1538, anakutazama macho makavu kabisa, huyo andika amejilaza.