Saa mbili ya wapi?

Wadogo zangu mliopo Kanha, hifadhi ya India, mnakotega kamera zinazojipiga zenyewe kitu kikitikisika ili tuhesabu simbamarara, juzi nimefungua kadi zenu za memori nikakuta maelfu ya picha za jani moja linalotikisika. Nimecheka, kisha nikanyamaza, maana najua nilikotoka.

1. Fyekeni mbele ya kamera. Hata lile jani moja.

2. Usawa wa goti. Simbamarara si twiga.

3. Msizielekeze uso kwa uso, zitamulikana.

4. Saa. Hapa nikae kidogo. Kila kituo kina kamera mbili, moja kila upande wa njia, kwa sababu simbamarara tunamtambua kwa milia, na ya ubavu wa kushoto haifanani na ya kulia. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa Watanzania wawili, asubuhi ya Januari, ukungu umelalia miti ya sal, vidole vimekufa ganzi (bebeni sweta, msidanganywe na neno India). Nikamuuliza mwenzangu ng'ambo ya njia, "Saa ngapi?" "Mbili na robo!" Mimi huyo, kwenye saa ya kamera yangu nikaandika 02:15. Yeye kwenye yake akaandika 08:15.

Siku 25 baadaye, jike mmoja kapita alfajiri: kamera yake inasema 05:40, yangu inasema 23:40 ya jana yake. Basi nikahesabu majike wawili, na nikajisifu kwa kumgundua mgeni! Mzee mmoja, mlinzi wa msitu asiyewahi kugusa kompyuta, akatazama picha zote mbili, akaweka kidole kwenye kinundu cha mkia, huku na huku. Kisha akaninyooshea kidole kimoja. Mmoja. Vituo vyote nilivyofunga wiki ile vikarudiwa, na chai ya kambi niliinywa nikitazama chini.

Msiseme ni jambo dogo. Sariska, hifadhi nyingine ya India, mwaka 2005 ilibainika hakuna simbamarara hata mmoja aliyebaki, ilhali hesabu ya nyayo ilikuwa imewaonyesha wapo.

5. Picha ya kwanza na ya mwisho iwe ya ubao: kituo, tarehe, saa. Nani kaniambia mnaona aibu kuushika?

6. Chitali, yule paa wa madoa, akilia na langur, yule kima, akaitikia juu ya mti, jueni simbamarara yu karibu: acheni kila kitu, rudini garini. Ndivyo nilivyomwona yule jike kwa macho yangu, mkia na kinundu chake, akivuka njia bila haraka. Ilikuwa saa moja jioni. Kwenye daftari nikaandika 19:00, nikapigia mstari mara mbili.